Nimepewa wimbo usio na besi, na usaili ni baada ya siku 12

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, na nimepiga gitaa la besi kwa takriban miaka mitatu bila kusoma noti wala kupita katika darasa lolote la muziki. Nilijifunza kwa kukaa karibu na wapigaji wengine, kuitazama mikono yao, kisha kurudi nyumbani kujaribu nilichokiona. Sasa nimepata nafasi ninayoitamani sana: bendi moja inayopiga nyimbo zake yenyewe imeondokewa na mpiga besi, na imeniita kwenye usaili utakaofanyika baada ya siku 12.

Wamenitumia nyimbo tatu. Mbili zimekamilika, zina besi ya yule mpigaji aliyeondoka, na wanataka nizipige kama zilivyo. Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Ni rekodi ya awali yenye sauti ya mwimbaji na gitaa kavu peke yake, haina dramu wala besi, na ujumbe ulioambatana nayo unasema tu kwamba nije na besi yangu. Hawakuniandikia chodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, wala hawakunitajia ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake.

Nimejaribu kwa siku mbili. Kila nikilishika gitaa, vidole vinakimbilia mapigo yale yale niliyoyazoea katika nyimbo nyingine, na baada ya nusu saa sikumbuki hata wimbo wenyewe unakwendaje. Zile nyimbo mbili nazo zinanisumbua, kwa sababu nikizisikiliza kwenye simu naihisi besi kwa mbali bila kuweza kutofautisha noti moja na nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo sijaweza kulisahau. Mwaka jana nilikwenda kwenye usaili wa bendi tofauti, nikajaza kila nafasi niliyoiona ili wajue ninaweza, na kiongozi wao akaniambia kwa upole kwamba vidole vyangu ni vyepesi lakini hawakumsikia mwimbaji wao. Sikuitwa tena. Sasa naogopa pande zote mbili: nikipiga noti chache wataona sijui kitu, nikipiga nyingi nitarudia kosa lile lile. Rafiki yangu ananishauri nimlipe mpigaji mzoefu anitungie besi ya wimbo huo, nami niikariri. Je, ni vibaya? Nifanye nini iwapo watabadilisha ufunguo siku hiyo? Na je, niwaambie kwamba sisomi noti, au ninyamaze?

Ni mimi,
Mpiga besi wa kujifundisha

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama pale unaposema kwamba ukilishika gitaa vidole vinakimbilia mapigo uliyoyazoea. Ninakuamini, na ninaamini pia kwamba tatizo lako limekaa hapo, wala haliko kwenye elimu ya noti. Vidole vina kumbukumbu yao, na kumbukumbu hiyo imejengwa na nyimbo nyingine; ukivipa nafasi ya kwanza vitakupigia nyimbo hizo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza litakushangaza: kwa siku tatu zijazo usiliguse gitaa kwa ajili ya wimbo huo wa tatu. Liguse kwa ajili ya zile mbili, lakini huu wa tatu uusikilize na kuuimba tu, hadi uweze kuupitisha kichwani kuanzia mwanzo hadi mwisho ukiwa umelala, bila rekodi.

Katika siku hizo tatu unatafuta mambo mawili. La kwanza ni umbo la wimbo: ubeti una vipimo (mafungu ya mapigo yanayohesabiwa pamoja) vingapi, kiitikio kinaingia lini, kuna daraja (kipande cha katikati kilicho tofauti na ubeti na kiitikio) au hakuna, na je, mwimbaji anarefusha kipimo kimoja mahali fulani kwa sababu maneno hayakutosha. Rekodi za awali zinakuwa na mambo ya namna hiyo, na mpiga besi ambaye hakuyahesabu huanguka hapo hapo. Hesabu kwa vidole, andika kwenye karatasi. La pili ni noti ambayo wimbo unapumzikia. Ukisimamisha rekodi ghafla katikati ya kiitikio na kujiuliza ni noti gani ungeimba ili wimbo uishe bila kuacha kiu, koo lako litakupa jibu kabla hujafikiri. Hiyo ndiyo do yako, noti ya kwanza katika ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti. Ikiwa wimbo una huzuni na unapumzikia mahali penye giza kidogo, huenda umepata la badala ya do, na hilo nalo ni jibu sahihi.

Siku ya nne ndipo ulishike gitaa, na jambo la kwanza liwe kuitafuta noti hiyo moja kwenye uzi. Tuseme umeikuta freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo la gitaa) ya tatu ya uzi wa E, yaani G. Sasa utaona kwa nini besi lina huruma kwa mtu anayepiga kwa sikio. Nyuzi zake nne, E, A, D na G, zimepangwa kwa umbali ule ule wa nne, yaani wa do hadi fa, baina ya kila uzi na unaofuata, hivyo umbo la mkono halibadiliki popote unapohamia. Ukiwa kwenye G hiyo, ambayo ndiyo moja, noti ya nne, C, iko freti ile ile kwenye uzi wa A. Noti ya tano, D, iko freti mbili mbele yake. Na noti ya sita, E, iko freti ya pili ya uzi wa D. Nyimbo nyingi mno zinazoimbwa na watu zinazunguka katika chodi zinazosimama juu ya noti hizo nne. Piga noti ya msingi peke yake mwanzoni mwa kila kipimo huku rekodi ikiendelea, na pale inapokataa, jaribu nyingine kati ya hizo. Usiandike majina ya noti, andika namba: moja, nne, tano, sita. Nitakueleza baadaye kwa nini.

Kuna mahali ambapo sikio lako litasitasita, na ningependa ulijue mapema ili usidhani kwamba ni udhaifu wako. Chodi ya kwanza na ya sita zinafanana sana. G ina noti za G, B na D. E maina, yaani chodi ya E yenye sauti ya huzuni, ina E, G na B. Mbili kati ya tatu ni zile zile. Ya nne na ya pili nazo ni ndugu kwa namna hiyo hiyo, kwa maana C ina C, E na G, na A maina ina A, C na E. Mpiga gitaa kavu akigusa nyuzi chache tu, hata mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi anaweza kusita. Piga zote mbili chini ya mwimbaji, moja baada ya nyingine, na usikilize ni ipi inayoifanya sauti yake itulie.

Na hapa, mdogo wangu, ndipo kutunga kunapoanza, na ni jambo ambalo wapigaji wengi hawaambiwi. Gitaa likiwa linapiga G, B na D, nawe ukaweka E chini yake, msikilizaji hatasikia tena G. Atasikia E maina yenye noti ya saba, na hali ya wimbo mzima itageuka ingawa mpiga gitaa hakusogeza kidole. Ukiweka B chini ya chodi hiyo hiyo, itabaki kuwa G lakini itakuwa kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, ikitamani kwenda mahali. Kwa noti moja tu ndefu unaweza kubadilisha maana ya maneno yanayoimbwa. Unapoogopa kwamba noti chache zitakufanya uonekane hujui kitu, kumbuka uwezo huo, kwa sababu watu wa bendi inayotunga nyimbo zake wanausikia mara moja. Utumie mara moja au mbili katika wimbo mzima, mahali ambapo maneno yanakuruhusu, na si katika ubeti wa kwanza, kwa sababu msikilizaji anahitaji kwanza kujua nyumbani ni wapi.

Baada ya kupata ramani hiyo ya namba, liweke gitaa chini tena. Fungua rekodi kwenye kifaa kimoja, washa kinasa sauti kwenye kingine, na uimbe besi. Usiimbe maneno, imba sauti ya besi kwa mdomo, kwa silabi yoyote inayokujia, na kama sauti yako haifiki chini, imba oktavu moja au mbili juu, yaani noti zile zile kwa sauti nyembamba zaidi. Fanya hivyo mara tano au sita bila kujihukumu, kisha usikilize ulichokiimba. Nina hakika kutakuwa na vipimo viwili au vitatu ambavyo umevirudia kila mara bila kukusudia. Hivyo ndivyo vyako. Sauti ya binadamu haiwezi kukimbia mahali ambapo haijafika kwa kusikia, na tena inalazimika kuvuta pumzi, kwa hiyo besi iliyoimbwa kwanza huja ikiwa na mapengo yake tayari, wakati ile iliyotafutwa kwa vidole haina mahali pa kupumua. Nadhani hilo ndilo lililokutokea mwaka jana. Yule kiongozi alikuambia kitu cha thamani, na wengi katika nafasi yake wangenyamaza tu.

Kuhamisha ulichokiimba kwenda kwenye nyuzi kutakuchukua siku moja au mbili, na ni kazi ya polepole. Vipande vingi vitakuwa noti ya msingi, ya tano na oktavu, ambazo zote ziko chini ya mkono wako bila kuhama: kwa G ya freti ya tatu, ya tano iko freti ya tano ya uzi wa A, na oktavu iko freti ya tano ya uzi wa D. Vingine vitakuwa hatua za kuvukia. Ukitoka G kwenda C, sikio hupenda kusikia B katika pigo la mwisho la kipimo, kwa sababu B iko nusu toni tu, yaani freti moja, chini ya C na inavuta kama mlango ulioachwa wazi. Ukitoka C kwenda D, C kali (C iliyopandishwa nusu toni) iliyo katikati yake hufanya kazi hiyo hiyo. Ukishuka kutoka E kwenda C, ipitie D. Hatua hizi ni tamu, na kwa sababu ni tamu zinalevya. Nakusihi usizitumie katika kila badiliko la chodi. Mahali pake ni pale mwimbaji anapovuta pumzi. Isikilize rekodi kwa ajili ya pumzi zake peke yake na uziwekee alama kwenye karatasi, kisha anapoimba wewe shikilia noti yako, na anapopumua wewe tembea.

Kuhusu mapigo, rekodi isiyo na dramu inakuacha gizani, nami nisingependa ukisie. Waandikie leo na uwaulize mambo mawili tu: mwendo wanaoukusudia, na kama mpiga dramu ana wazo lolote kuhusu ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, katika wimbo huo. Swali hilo halitakuaibisha. Mpiga besi anayeuliza habari za ngoma ya mguu kabla hajafika anaonyesha kwamba anajua atasimama karibu na nani. Hata wasipojibu, andaa sura mbili za besi ile ile. Moja iwe ya noti ndefu, mbili tu kwa kipimo. Nyingine iwe na mwendo zaidi, kwa ajili ya mpiga dramu atakayekuja na nguvu. Ukiwa chumbani, katika kipimo cha kwanza utamsikia amechagua njia gani, nawe utamfuata. Na jizoeze kukata noti. Mkono wa kushoto ukilegea bila kuachia uzi, sauti inakufa, na mahali hasa inapokufa panasikika kama pigo jingine. Wapigaji wengi wanaojifunza peke yao wanajua noti inaanza lini, lakini hawajawahi kuamua inaisha lini. Jirekodi ukipiga na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kisha usikilize miisho tu.

Niruhusu niseme neno kuhusu wingi wa noti, kwa kuwa naona ndiko moyo wako uliko. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, za miaka ya 1960, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kile cha shahada, na besi zake hazikuwa chache wala maskini, zilijaa mizunguko. Lakini ukizisikiliza kwa makini utaona kwamba hakumkanyaga mwimbaji; alizunguka pale maneno yalipomwachia nafasi. Kwa hiyo sikukatazi kupiga noti nyingi. Ninakuomba tu kila noti ya ziada uweze kuiimba. Ukikuta mahali ambapo vidole vinapiga kitu ambacho mdomo hauwezi kukiimba, kiondoe, hata kama kinakupendeza.

Zile nyimbo mbili zilizokamilika zina dawa rahisi zaidi. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachokisikia ni zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti hiyo, na ubongo unakisia iliyobaki. Sikio lako ni zima. Tumia hedifoni nzuri zinazofunika masikio, au spika kubwa. Zipo pia programu za simu na kompyuta zinazopunguza mwendo wa rekodi bila kubadilisha noti, na nyingine zinaweza kuipandisha rekodi oktavu moja, ambapo besi inatoka matopeni na kusikika kama gitaa la kawaida. Weka mwendo kwenye asilimia 70 hivi, rudia vipimo viwili viwili, imba kwanza, kisha piga. Kama muda hautoshi kuchukua kila kitu, chukua kwa uaminifu kamili kile kipande cha besi ambacho mtu anayeupenda wimbo huo angekiimba njiani, pamoja na mwanzo, mwisho na mahali pote ambapo bendi inasimama kwa pamoja. Kwingine, noti ya msingi iliyopigwa kwa wakati inatosha, na haitamkasirisha mtu.

Sasa kuhusu ufunguo. Waimbaji hubadilisha ufunguo siku yenyewe, na hawafanyi hivyo kwa ubaya. Koo la asubuhi si koo la jioni. Hii ndiyo sababu nilikuomba uandike namba badala ya majina. Mtu aliyejifunza moja, nne, tano, sita anausogeza mkono freti mbili na wimbo umekwisha kuhama. Angalia jambo moja tu, nyuzi zilizo wazi. Kama katika ufunguo wa G ulipenda kuitumia E ya chini kabisa kwa chodi ya sita, ufunguo ukishuka toni moja hadi F utaihitaji D iliyo chini ya E hiyo, na noti hiyo haipo kwenye gitaa la nyuzi nne lililotuniwa kwa kawaida. Itakubidi uruke oktavu juu, na kipande kitakuwa na sura nyingine. Kwa hiyo siku ya nane na ya tisa upige wimbo wa tatu katika ufunguo wake, kisha toni moja chini, kisha toni moja juu, na uamue mapema mahali pa kuruka. Mbali na funguo hizo, mtazame mpiga gitaa mkono wa kushoto na uulize kwa sauti chodi ya kwanza ni ipi. Kuuliza kunachukua sekunde mbili.

Ushauri wa rafiki yako kuhusu kumlipa mtu akutungie siuungi mkono, ingawa naelewa kwamba ameutoa kwa upendo. Si suala la aibu. Hawakukutumia rekodi tupu ili wapate besi nzuri tu. Wamekutumia ili waone unavyosikia. Baada ya kukusikiliza mara ya kwanza, kuna uwezekano mkubwa watasema, jaribu kuifanya nyepesi zaidi kwenye ubeti, au, kiitikio tukirudie mara mbili. Aliyeitunga mwenyewe atajua ni noti ipi inaweza kuondoka na ipi imebeba mzigo. Aliyekariri kazi ya mwingine atabaki ameishikilia yote. Kama una fedha za kumlipa mpigaji huyo, mlipe kwa saa moja akusikilize siku ya kumi na akuambie mahali ulipojaza mno.

Mambo ya siku yenyewe ni machache. Ukitaka kuweka nyuzi mpya, ziweke siku nne au tano kabla, kwa sababu nyuzi mpya huendelea kunyooka na kupoteza tuni. Tuni gitaa kabla hujaingia chumbani. Anza na sauti ya chini kuliko unavyotamani, na waache wao wakuombe uongeze. Wengine wanapozungumza kati ya wimbo na wimbo, kiganja kikae juu ya nyuzi. Ukikosea noti, usisimame na usirudi nyuma. Iliyo sahihi mara nyingi iko freti moja pembeni, na ukiteleza kuifikia ukiwa ndani ya pigo, wengi hawatagundua, lakini ukipoteza pigo kila mtu ndani ya chumba atajua.

Na kuhusu kusoma noti, waambie. Paul McCartney alihamia kwenye besi mwaka 1961 baada ya Stuart Sutcliffe, mpiga besi wa The Beatles wakati huo, kuondoka kwenye bendi hiyo, na amekuwa akisema wazi kwamba hasomi noti. Kusoma ni faida kubwa, na nakutakia ujifunze siku moja kwa utulivu, lakini bendi iliyokutumia rekodi bila karatasi inafanya kazi kwa sikio kama wewe. Wakikuuliza, jibu kwamba husomi, kwamba unaandika chodi kwa namba, kisha uwaonyeshe ile karatasi yako yenye vipimo vilivyohesabiwa na alama za pumzi za mwimbaji wao. Nenda nayo, hata kama hutahitaji kuitazama.